Ini la Mbuzi wa Saba

Mishale ya Waajemi ilikuwa ikitunyeshea, na sisi Wasparta tumekaa kitako, ngao magotini, tunasubiri mbuzi. Ndiyo, mbuzi! Kwetu hakuna kuinua mkuki mpaka kuhani achinje, apasue, aone ini zuri, ishara kwamba miungu imeridhia. Alishachinja mbuzi sita, na maini yote mabaya.

"Labda hawa mbuzi ni wa Waajemi," rafiki yangu Lakrine akaninong'oneza.

"Nyamaza, bwana. Miungu inasikia."

"Inasikia? Mbona naililia tangu asubuhi?"

Mara mshale ukamwingia ubavuni. Akanishika mkono kwa nguvu zake zote.

"Ndugu yangu, nife nimekaa kama muuza vitunguu? Niinue!"

Naapa nilitaka kumwinua. Lakini kusimama kabla ya amri ni aibu ambayo hata wanangu wangeirithi. Nikabaki nimekaa, nikimtazama kuhani akifuta kisu taratibu, kama mtu mwenye siku nzima.

Mbuzi wa saba akapasuliwa.

"Zuri!" kuhani akapiga ukelele. "Simameni!"

Jeshi zima likasimama. Mimi nilichelewa. Lakrine alikuwa bado amenishika, ikabidi nivibandue vidole vyake kimoja kimoja.