Mpagani wa Jumapili

Kijiji chetu, huku juu ya Iyula, kilikuwa na Wakristo wengi na mpagani mmoja, na bila yule mmoja Ukristo wetu ungetushinda.

Aliitwa Simfukwe, Mnamwanga aliyetoka pande za Mpemba akamfuata mke huku kwetu Unyihani. Mkewe, Enesi, alibatizwa; yeye alibaki alivyozaliwa. Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono isiyotulia, na wazee wa kanisa walimwombea kila Jumapili kwa jina lake. Baba yangu, Mzee Boazi, ndiye aliyeongoza maombi hayo, tena kwa sauti ya kutetemeka. Mimi Roda, bintiye, niliyeketi upande wa wanawake, nilijua kwamba Mungu akikosea akamjibu, baba atakuwa wa kwanza kukata rufaa.

Nieleze kwa nini. Ilikuwa miaka ya mwishomwisho ya Mwingereza, na kahawa ndiyo kwanza imeanza kutuvisha viatu. Kahawa ni zao zuri lakini haina dini. Ile uliyochuma na kumenya Jumamosi inalala majini usiku kucha, na asubuhi ya Jumapili inadai kuoshwa. Ukiichelewesha inanuka, na bwana shamba anaikataa. Ile iliyokwisha kuanikwa juu ya vichanja nayo inataka kugeuzwa, na jua la mchana likiwa kali inataka kufunikwa isipasuke ganda. Na mchana wa Jumapili ndio wakati ambao mwinjilisti wetu, Osea, alikuwa hajafika hata nusu ya mahubiri.

Sabato yetu ilikuwa kali, maana mlinzi wake alikuwa baba. Hakuna kushika jembe, hakuna kupasua kuni, hakuna kutwanga. Kupika kuliruhusiwa, kwa sababu wazee nao walikuwa na matumbo, na aliyepika alikuwa mwanamke, na kazi ya mwanamke haikuwahi kuhesabiwa kuwa kazi.

Lakini amri hiyohiyo inakataza kumfanyisha mwenzako kazi siku hiyo, na baba aliifahamu amri vizuri. Basi hakumtuma Simfukwe, hata mara moja. Alipita tu kando ya uzio wake asubuhi, koti limenyooshwa, kitabu kwapani, akasimama kana kwamba kokoto imemwingia kiatuni, akasema akitazama mbingu, "Mh. Kahawa ya watu imelala majini." Nyuma yake alipita mzee mwingine akasema, "Jua la leo litachoma ganda." Wa tatu aliwasikitikia tu ng'ombe wake kwa kiu waliyonayo. Hapo haki yote ilikuwa imetimizwa, wakaenda zao kuimba. Tuliporudi ibadani tulikuta kahawa imeoshwa, vichanja vimefunikwa, ng'ombe wamenyweshwa, na Simfukwe amekaa chini anajikanda kiuno. Jumatatu alipelekewa kapu la viazi, nalo liliitwa zawadi.

Mama yangu, Ferista, aliliona jambo hilo kama nilivyoliona mimi. "Baba Roda," alisema siku moja akipakua chakula, "mkifika mbinguni mtamweka wapi yule, sebuleni au jikoni?" Baba alimwambia asichanganye mambo ya rohoni na mambo ya shambani.

Mwaka mmoja, kahawa ikianza kuiva, Simfukwe alikuja kwetu jioni akakaribishwa kigoda. Nilikuwa napepeta mahindi palepale uani, kwa hiyo nilisikia yote.

"Mzee," alisema, "nataka kubatizwa."

Baba alikuwa anakunywa togwa, akapaliwa. Mama alimpigapiga mgongoni mpaka pumzi ikarudi.

"Umeguswa na nini, ndugu yangu?" baba aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia habari za msiba.

"Nimechoka, mzee. Jumapili moja nilikuwa napitisha ndoo zenu nyuma ya kanisa, nikasikia mnasoma kwamba waliochoka na wenye mizigo waende wakapumzishwe. Nikatua ndoo, nikasikiliza. Nikaona maneno hayo yananitaja mimi. Halafu kuna Enesi. Kila Jumapili anakwenda peke yake, akirudi ananikuta nimelala kifudifudi, hata kuzungumza siwezi. Nataka siku moja katika juma niwe na mke wangu, nisimame mbele ya Mungu nimenawa mikono."

Hakulalamika, alisema tu kama mtu anayeomba maji ya kunywa. Mimi ungo ulinisimama mikononi, na nilimwonea uchungu ambao sikuwahi kumwonea mtu mzima. Wenzake walikuwa wanataka mbingu yenye barabara za dhahabu. Yeye alitaka Jumapili.

"Ni habari njema mno," alisema baba, uso umemshuka. "Ila ubatizo si jambo la kukurupukia."

Na wazee hawakukurupuka. Darasa la ubatizo ambalo vijana walilimaliza kwa msimu mmoja, Simfukwe alilirudia mpaka benchi likamzoea. Mara aliambiwa moyo wake haujaiva. Mara aliambiwa umeiva mno, kuna hatari ya kiburi. Siku moja Osea alimwuliza kama anamtaka Bwana kweli au anataka kupumzika tu. Simfukwe akajibu kwamba alidhani ni kitu kimoja, na kwa jibu hilo akarudishwa mwanzo wa darasa. Maombi nayo hayakukoma. Kila Jumapili baba alisihi kwa machozi moyo wa Simfukwe ufunguliwe, na mwenye moyo yuko nje anafungua vichanja vya baba.

Aliyewaharibia ni mchungaji. Huyo alitoka misheni kwa baiskeli, tena mara chache kwa mwaka, na Jumapili moja alitokea bila taarifa akamkuta Simfukwe ameinama kwenye karo letu, anaosha kahawa. Wakasalimiana, wakaulizana habari. Sijui waliongea nini zaidi, lakini mchungaji aliingia kanisani amemshika mkono, akauliza mbele ya watu wote kama mtu huyu amemaliza darasa. Ilibidi Osea akubali kwamba amelimaliza, na zaidi. Basi akabatizwa palepale, mikono yake ingali inanuka kahawa, akaitwa Enoka. Enesi alilia kwa sauti. Wazee nao walilia, kila mtu kwa sababu zake.

Jumapili iliyofuata baba alipita kando ya uzio kama kawaida yake, kokoto ikamwingia kiatuni kama kawaida yake. "Mh. Jua la leo," alisema.

Simfukwe alitoka amevaa shati jeupe, Enesi nyuma yake. "Litakuwa kali kweli, mzee," akasema, akafunga mlango, akatangulia kanisani.

Wiki zile zilikuwa za majaribu. Wazee waliacha kuchuma Jumamosi, na kahawa ikaivia mtini ikadondoka. Waliacha vichanja vimefunikwa toka Jumamosi jioni, na kahawa ikaota ukungu. Walitafuta mpagani mwingine hadi Nanyala, wasimpate. Wamisionari walikuwa wamefanya kazi yao vizuri kupita kiasi. Simfukwe alikaa upande wa wanaume, Enesi upande wetu, na mara kwa mara walitazamana kama watu waliooana jana.

Kisha mvua ya kwanza ikawahi. Osea alikuwa katikati ya mahubiri, wingu likatanda, ngurumo ikapita juu ya bati. Wazee walitazamana, wakamtazama baba, na baba alikuwa ameshika ukingo wa benchi kwa mikono miwili. Mavuno yake yote ya mwisho yalikuwa juu ya vichanja. Kutoka hawezi, maana yeye ndiye aliyewatungia wengine sheria ya kutotoka. Simfukwe alimwona. Alinyanyuka bila kuambiwa neno, akatoka mbio, akafunika vichanja vyetu na vya majirani, akarudi amelowa chapachapa, akaketi mahali pake.

Jumatatu baraza la wazee lilikutana. Nilidhani wanakwenda kumshukuru. Walimtenga.

Kosa lilikuwa wazi: ameshika kazi siku ya Bwana, mbele ya kanisa zima. Lakini baba alirudi kutoka barazani akiwa mchangamfu kuliko inavyompasa mtu aliyetoka kumhukumu mwenzake, na mama akamtilia shaka.

"Mmemtenga kwa kuwafunikia kahawa yenu?"

"Tumemtenga kwa kumpenda," alisema baba. "Na tena, mama Roda, mtu aliye nje ya ushirika, sheria ya walio ndani haimfungi. Jumapili anaweza kushika lolote."

Hasira iliyonipanda mimi, nisingeweza kuisema mbele ya baba yangu mzazi. Nikaenda kumalizia hasira hiyo kwenye kinu.

Osea ndiye aliyepelekwa kumsomea Simfukwe hukumu, na aliisoma kwa maneno yale yale yanayosomwa kwa watengwa wote. Asije ibadani. Siku ya Bwana akae nyumbani kwake, atulie, aitafakari dhambi yake, wala asijishughulishe na neno jingine lolote mpaka baraza lione matunda ya toba. Maneno hayo tumeyasikia mara nyingi, ndiyo maana hakuna mzee aliyeyasikiliza.

Simfukwe aliyasikiliza. Jumapili ilipofika, kokoto ikamwingia baba kiatuni, na Simfukwe alikuwa ameketi kwenye mkeka mbele ya nyumba yake, amenyoosha miguu.

"Vichanja viko wazi," alisema baba.

"Pole sana, mzee," alisema Simfukwe. "Nimeambiwa nitulie. Dhambi yenyewe ilikuwa ni vichanja. Nikivigusa tena mtasema nimeirudia."

Kuanzia hapo kanisa letu lilipatwa na ugonjwa wa tumbo. Mahubiri yakifika mahali pake, mzee mmoja alijishika tumbo akatoka, akarudi na maganda ya kahawa kwenye mikono ya koti. Akatoka wa pili. Baba alistahimili kuliko wote, lakini naye tumbo lilimshika, na kwa kuwa tulikuwa na vichanja vingi, lilimshika muda mrefu. Osea akawa anawahubiria wanawake, na wanawake tukawa tunajibana tusicheke. Baada ya ibada baba alibeba maji, akageuza kahawa, akafukuza mbuzi, akakosa hata nafasi ya kuvua koti la kanisani. Alikonda. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alijua Jumapili ina uzito gani.

Mwishowe alivunjika moyo. Jumapili moja baada ya ibada alituchukua mama na mimi tuwe mashahidi, tukaenda kwa Simfukwe. Anga lilikuwa zito, na baba alikuwa na gunia la kufunikia kahawa begani, maana alitoka vichanjani moja kwa moja. Tuliwakuta wote wawili kwenye mkeka. Enesi sasa alikuwa anawahi kutoka ibadani, na walikuwa wanakula maboga ya kuchemsha, wanazungumza kwa sauti ya chini. Walitusogezea nafasi.

"Ndugu Enoka," alisema baba, na ilikuwa mara yake ya kwanza kulitumia jina hilo. "Baraza limeiona toba yako. Umesamehewa. Rudi."

"Ahsante, mzee. Nirudi ibadani, au nirudi vichanjani?"

Baba alifungua kinywa. Nilimwona akitafuta jibu la mzee wa kanisa, lile lenye mapambo, na nilimwona akilikosa. Uongo nao unataka nguvu, naye hakuwa nayo tena.

"Sijui," alisema. "Nimechoka, Simfukwe. Sijui umewezaje miaka yote ile."

"Sikuweza," alisema Simfukwe. "Ndiyo maana nilikuja kwako."

Enesi alimkatia baba kipande cha boga, akampa kwa mikono miwili. Baba alikipokea, akajinyoosha kwenye mkeka kama mtu anayepumzisha mgongo kidogo tu, na kabla hajakimaliza alikuwa amelala, boga mkononi, viatu miguuni.

Matone ya kwanza yakaanza. Ng'ambo ya kijito niliviona vichanja vyetu, viko wazi vyote, na kahawa yetu yote iliyobaki juu yake. Nikanyanyuka. Mama alinishika kanga akanikalisha. Kisha alilivuta lile gunia kutoka begani kwa baba, akalikunjua, akamfunika nalo.