Kiwavi Aliyekataa Pamba

Je, kiwavi yule alikataa majani ya pamba kwa kuwa hayakuwa chakula chake, au kwa kuwa siku zake za kula zilikuwa zimekwisha? Safi aliinama juu ya kikapu, akamkagua tena.

Siku nne nyuma, Zéphirin, monita aliyesimamia pamba ambayo Serikali ililazimisha watu kulima katika kijiji chao, kwenye njia kati ya Kasongo na Kabambare, alikuta viwavi kwenye mlimau wa uani kwa Safi. Pamba iliyokuwa karibu nao ilikuwa imetobolewa majani. Akaamuru mti ukatwe na kuchomwa kabla agronomu Mzungu, bwana shamba wa Serikali, hajafika kukagua. Safi aliomba siku nne za kuonyesha kwamba wadudu wale hawali pamba. Chini ya mlimau ule kilizikwa kitovu cha mwanawe Ismaël, na kwao mti wa kitovu hukua pamoja na mtoto. Kuukata ni kumtakia mabaya mtoto aliyeanza kutambaa juzi.

Alichagua kiwavi mnene kuliko wote, wa kijani mwenye mishipi ya kahawia, ili kila mtu amwone vizuri, akamtia kikapuni na majani ya pamba. Hapo ndipo alipokosea. Kiwavi hakugusa pamba, lakini alipanda ufito wa kikapu, akajifunga kiunoni kwa uzi mwembamba, akavua ngozi. Leo alikuwa kifuko kigumu kisicho na mdomo.

"Amekula pamba ya Serikali, ameshiba, sasa analala kama chifu," Zéphirin alicheka. "Mama, siku hizi wewe ndiye agronomu?"

Baba mkwe wa Safi, Asani, hakucheka. Shoka lilikuwa mapajani mwake. "Mama Ismaël, Mzungu iko Wamaza, hapa karibu. Kesho asubuhi atafika. Akikuta huu muti umesimama, nani atalala chini apigwe fimbo? Ni mimi, mwenye nyumba."

"Nipeni mpaka jua lizame, Baba."

Alirudi mtini. Tangu masika alikuwa amewaona vipepeo weusi wenye madoa ya manjano, na doa jekundu mwishoni mwa kila bawa la nyuma, wakitua kwenye majani machanga ya mlimau na kuacha yai moja moja. Kwenye pamba hakuwaona wakitaga hata siku moja. Sasa alitafuta watoto wao: vijidudu vyeusi vyenye baka jeupe, ambavyo jicho la haraka huvidhani kinyesi cha ndege. Alimgusa mmoja, naye kiwavi akatoa pembe mbili za rangi ya chungwa na harufu kali. Hawa walikuwa bado na kazi ya kukua, na njaa yake.

Watatu aliwatia katika kibuyu chenye majani ya mlimau, watatu katika kibuyu chenye majani ya pamba. Adhuhuri ikapita. Asani alilinoa shoka polepole, na kila mkwaruzo ulimpita Safi mgongoni.

Jua lilipogusa miti, alivifunua vibuyu. Majani ya mlimau yalikuwa yameliwa pembeni.

"Na hili tundu?" Zéphirin alidaka jani la pamba. "Ona, Mzee! Wamekula!"

Safi akalishika jani, akaligeuza kwenye mwanga.

"Kingo zake zimekauka, kaka. Tundu hili lilitoka nalo shambani. Angalia la mlimau: kingo bado mbichi. Na hawa watatu wako mdomoni mwa kibuyu, wanatafuta njia ya kutoka."

Zéphirin aliyaweka majani yote mawili sambamba, akapitisha kidole kwenye kingo. Asani alisimama, shoka mkononi.

"Baba, mti hatuukati," Safi alisema. "Kesho nitasimama mimi mbele ya agronomu na vibuyu hivi. Nitamwambia pia kwamba yule wa kwanza nilikosea kumchagua, alikuwa karibu kujifunga kifukoni, kwa hiyo sijui angekula nini. Akikataa kusikia, aulize mwenye kosa ni nani. Nitajibu ni mimi, na kama kuna kufungwa, nitafungwa mimi."