Huko Bado ni Jumapili

Mzee Tuiloma alisema wazi, na Fuatino aliwapenda watu wanaosema wazi: Jumapili Nyeupe, sikukuu ya watoto kanisani, ndiyo siku ya mwisho. Ikipita kabla yeye, shemasi mkuu, hajawaona kwa macho yake watu wa ng'ambo wakiabudu pamoja na kanisa la Vaimatai, ukurasa wa kanisa mtandaoni ufungwe, simu ya kurushia ibada irudi mkobani, na watu wamtazame Mungu badala ya kutazamana.

"Kuabudu, sio kutazama," alisisitiza kwenye kikao cha mashemasi. "Mtu amelala kitandani anatafuna panikeke, anatubonyezea kimoyo chekundu, halafu useme anaabudu? Huyo yuko sinema."

"Mama yangu halali kitandani kwa kupenda, Mzee," Fuatino akamjibu. "Amekatwa mguu."

Wote walimjua Losivale. Aliongoza kwaya ya akina mama kwa miaka ishirini na mbili, hadi sukari ilipomzidi akahamia Pago Pago kwa mwanawe wa kiume. Nyumba ya kijana huyo iko juu ya kilima na ngazi zake ni themanini. Hakuna wa kumshusha mama na kumpandisha kila wiki. Kwa miaka miwili kanisa lake limekuwa simu ya Fuatino, iliyoegemezwa kwenye rundo la vitabu vya nyimbo mbele ya benchi la kwanza. Ukurasa ukifungwa, Losivale hana kanisa. Hilo ndilo lililomkaa Fuatino moyoni. Mengine yote yaliyosemwa kikaoni aliyaona maneno tu.

Tena Mzee Tuiloma alikuwa na sharti lake tangu mwanzo: matangazo yawe mubashara tu, na baraka ya mwisho ikitolewa, video ifutwe. "Ibada si samaki wa kopo," alisema, "kwamba utaifungua siku utakayosikia njaa."

Fuatino hakubishana. Alikuwa na watoto watatu, kazi ya nusu siku kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na diploma ya kompyuta kutoka chuo cha Apia. Muda wa kununa hakuwa nao. Akatengeneza kadi nzuri ya tangazo: picha ya kanisa, watoto wamevaa nyeupe, na chini yake saa za kila mahali walikotawanyika watu wa Vaimatai. Jumapili Nyeupe, mubashara. Vaimatai saa tatu asubuhi. Auckland saa tatu. Brisbane saa kumi na mbili. Pago Pago saa tatu. Saa zote alizihakikisha mara mbili kwenye intaneti. Kadi ikaenda kwenye ukurasa, ikaenda kwenye vikundi vyote vya simu, na kila mtu akamtumia mwenzake.

Wiki zilizotangulia alikuwa na desturi ya kumpigia mama yake robo saa kabla ya ibada na kumwambia, "Mama, washa." Siku hiyo hakupiga. Alikuwa na nywele tatu za kusuka, nguo tatu za kupiga pasi, na bintiye Lagi, mwenye miaka minane, wa kumsikiliza aya zake. Kadi ilikuwa imesema kila kitu.

Ibada ilikuwa nzuri mno. Watazamaji walikuwa saba.

Watu wa Auckland na Brisbane walikuwa na Jumapili Nyeupe zao, kwenye makanisa yao. Hilo alilitegemea. Aliowategemea hasa ni wa Pago Pago, na kutoka Pago Pago hakuonekana hata mmoja. Hata mama yake. Alipompigia baada ya baraka, simu iliita mpaka ikakata. Baadaye kaka yake akaandika: Mama yuko jikoni anakuna nazi, atakupigia.

Anakuna nazi! Fuatino akaizima simu kwa hasira. Yeye anapigana na mashemasi, mwenye kupiganiwa anakuna nazi.

"Saba," Mzee Tuiloma alisema baada ya chakula cha mchana, akifuta mafuta ya nguruwe kidevuni. "Mbwa wangu akibweka anapata wasikilizaji zaidi."

"Nimesikia, Mzee."

"Kesho sikukuu. Kesho kutwa kwenye kikao tunaufunga ukurasa. Sina ugomvi na wewe, binti. Umejaribu."

Jumatatu asubuhi kijiji kizima kilikuwa kimelegea. Watoto walikuwa baharini. Fuatino alikuwa nyuma ya nyumba, mikono imezama kwenye beseni la nguo nyeupe zilizojaa madoa ya kakao, simu ilipoita. Ilikuwa simu ya video. Akaibonyeza kwa kiwiko.

Uso wa mama yake ukajaa kioo kizima, kwa karibu mno, kama kawaida yake.

"Fuatino! Mko wapi?"

"Niko nyumbani. Nafua."

"Unafua? Unafua Jumapili Nyeupe?"

"Mama, Jumapili Nyeupe ilikuwa jana."

"Jana ilikuwa Jumamosi! Nimekuna nazi thelathini jana, nani atanidanganya siku?"

Fuatino akaangalia tarehe juu ya kioo cha simu: Jumatatu.

"Kadi yako imesema Jumapili, Pago Pago saa tatu," mama yake akaendelea. "Umeandika mwenyewe. Leo Jumapili. Saa hizi ni saa tatu na robo. Nikasema, mwanangu safari hii amefikiri, ametupangia Jumapili kwa Jumapili kwa sababu ni siku kubwa. Watu wote wa Vaimatai walioko huku wamepanda ngazi kuja kwangu. Arobaini na wawili! Angalia."

Simu ikageuzwa. Baraza la kaka yake lilikuwa jeupe tupu: mabibi wenye kofia nyeupe, wanaume wenye koti jeupe na lavalava nyeupe kiunoni kama kikoi, watoto wamechanwa nywele mpaka kichwa kinang'aa. Wote walikuwa wamesimama, wameielekea televisheni iliyokuwa nyeusi.

Kila mtu anajua kwamba Pago wako jana; mstari wa tarehe umepita baharini katikati. Ni nusu saa tu kwa ndege, na unashuka kwenye siku uliyokwisha kuimaliza. Watu huenda huko kula keki ya siku ya kuzaliwa mara ya pili. Lakini saa ya ukutani ni ile ile, huku saa tatu na kule saa tatu, kwa hiyo ndugu wakipangana mambo hutaja saa tu, siku hawaitaji. Fuatino alikuwa amepiga hesabu za miji minne, akasahau kuandika tarehe.

Diploma, akajiambia. Diploma kweli.

"Mama, mmesimama tangu saa ngapi?"

"Tangu saa tatu kamili. Ibada si huanza watu wamesimama? Nani ametuambia tukae?"

"Na wewe?"

"Na mimi nina nini? Mguu mmoja si mguu? Nimeshikwa huku na huku."

Fuatino akaitoa mikono kwenye beseni. Angeweza kuomba radhi, awaambie waende makwao wakale nguruwe wao. Video ya jana ilikuwa imefutwa, sharti ni sharti. Lakini mtu mmoja alikuwa ametaka kuona kwa macho yake, na mtu huyo aliishi nyumba ya nne kutoka hapo.

"Msikate simu," akasema. "Na msikae."

Mzee Tuiloma alikuwa barazani kwake, kifua wazi, anacheza karata na mkewe na anashindwa. Ufunguo wa kanisa ulining'inia kwenye nguzo nyuma ya kichwa chake. Alimwona Fuatino anakuja kwa mwendo wa kasi, povu la sabuni mpaka kwenye viwiko.

"Kikao ni kesho," akasema bila kuinua macho.

"Naomba ufunguo, Mzee. Pago wanangoja ibada. Nilikosea kadi, sikuandika tarehe. Kwao leo ndiyo Jumapili."

"Pole yao. Jumapili nimeifunga jana kwa mkono wangu. Ibada ya Jumatatu sijaisikia tangu nizaliwe."

"Tuiloma!" sauti ikatoka kwenye simu. "Umeifunga ya kwenu. Ya kwetu haijafunguliwa!"

Mzee akashtuka, karata zikaanguka. "Huyo ni Losivale?"

"Ndiye."

"Ananiona?"

"Kitovu chote."

Mkewe akacheka mpaka akashika nguzo. Mzee akanyakua shati, akalivaa kinyume, akalivua, akalivaa tena. Ndipo Fuatino akamsogezea simu usoni.

"Ulisema unataka kuwaona, Mzee. Nimekuletea."

Mzee Tuiloma akaishika simu kwa mikono miwili, akainyoosha mbali kama wafanyavyo wenye macho ya uzee. Akatazama kwa muda mrefu. Fuatino alijua anawatambua mmoja mmoja. Wengine alimsaidia mchungaji wa zamani kuwabatiza. Mmoja alimpiga bakora kwa kuiba mapapai yake.

"Mbona wamesimama?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Ibada huanza watu wamesimama. Hakuna aliyewaambia wakae."

"Tangu saa tatu?"

"Tangu saa tatu."

"Na Losivale naye? Kwa mguu mmoja?" Akamsogezea Fuatino simu. "Waambie wakae, binti. Watu wazima hao."

"Mimi si shemasi. Waambie wewe."

Akakohoa, akalifunga shati kifungo cha juu. "Ketini," akasema. Ilikuwa ile sauti yake ya Jumapili, ile inayonyamazisha hata kuku.

Watu arobaini na wawili wakaketi kwa pamoja. Viti vikalia.

"Haya," Fuatino akasema. "Umeshawaketisha. Ibada umeianza mwenyewe. Utawaacha hapo?"

Mzee akamkazia macho. Kisha akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyefungwa bao na mtoto. "Wewe ulisomea kompyuta au ujanja?"

"Vyote viwili, ada moja."

Akauchukua ufunguo nguzoni. "Kamwite mchungaji. Mimi napiga kengele."

Kengele ya Vaimatai ni mtungi mtupu wa gesi uliotundikwa kwenye mti wa mkunazi, na Mzee Tuiloma aliugonga kwa nyundo kana kwamba kijiji kinaungua. Watu wakatoka mbio kuuliza nani amekufa. Wakijibiwa "Pago kwao Jumapili," walijipiga kofi kichwani, wakarudi kubadili nguo. Watoto walipandishwa kutoka baharini na chumvi mwilini. Nusu ya nguo nyeupe zilikuwa kwenye mabeseni. Kuna aliyekuja na fulana ya raga, nyeupe kwa kadiri alivyoweza kuipata. Mchungaji Etuale alifika anatafuna.

Safari hii Fuatino hakuiegemeza simu kwenye vitabu akaishia hapo. Aliunga simu ya video kwenye projekta ya shule ya Jumapili na kwenye spika za kwaya, na Pago Pago wakatokea ukutani, wakubwa kama wenyeji. Walipoimba huku, kule waliimba. Sauti za kule zilichelewa kidogo, zikawa zinaufuata wimbo kama mkia. Hakuna aliyejali.

Lagi alisimama na nywele zinachuruzika maji. Jana alizisema aya zake bila kosa mbele ya watazamaji saba. Leo alifika katikati, akamwona bibi yake ukutani, akasahau kila kitu. Kanisa likangoja. Mtoto akainamisha kichwa.

"Alimwita yule mtoto," spika zikanong'ona.

Lagi akainua kichwa. "Alimwita yule mtoto, akamweka katikati yao," akaendelea, na hakusimama tena mpaka mwisho.

Mtu akacheka, kisha kanisa zima likacheka, huku na kule, na Losivale ukutani akajipangusa macho kwa pindo la nguo yake. Fuatino alimtazama Mzee Tuiloma. Alikuwa hamtazami mtoto. Alikuwa anawatazama wale wa ukutani, mmoja baada ya mwingine, na midomo yake inahesabu.

Jumanne kikaoni mchungaji alisoma jambo la tatu: kufungwa kwa ukurasa.

"Niliwaona," Mzee Tuiloma akasema. "Liondoe hilo." Kisha akamgeukia Fuatino, maana asingekubali kushindwa bure. "Ila kadi. Tangu leo kadi haitoki kabla sijaiona. Iandikwe siku ya kwetu na siku ya kwao. Mtoto wa darasa la kwanza angejua."

"Angejua, Mzee. Na mimi nataka stendi ya simu. Vitabu vya nyimbo vinateleza."

"Umeanza."

"Nimeanza."

Stendi aliitengeneza Mzee mwenyewe kwa mguu wa meza iliyovunjika. Jumapili iliyofuata, huko ikiwa Jumamosi, Fuatino alimpigia mama yake robo saa kabla. "Mama, washa. Leo ni Jumamosi kwenu, usije ukaniuliza."

"Najua. Mimi nina Sabato mbili, ninyi mna moja. Wamekuja kumi na sita."

Wimbo wa kwanza ulipokwisha, Mchungaji Etuale akawaashiria watu wakae, nao wakakaa. Mzee Tuiloma hakukaa. Alipita mbele mpaka kwenye simu, akainama hadi pua yake ikakaribia kugusa kioo.

"Na ninyi," akasema. "Ketini."

Akangoja, ameinama hivyo hivyo, mpaka aliposikia viti vinalia.