Chakula cha Maganda

Mama yeyote aliye na binti anayefanya kazi mbali, kwa watu asiowajua, asome haya kabla hajafunga kiondo chake cha safari. Mimi niliyoambiwa kabla ya kwenda yalikuwa uongo, nikaubeba uongo huo kutoka Wamagana, huku mlimani, mpaka baharini, nikafika nao ukiwa mzima.

Murugi wangu ni nesi. Alipomaliza masomo alipelekwa kwenye zahanati ya kisiwa kimoja upande wa Lamu. Mume wake Muchangi, mwalimu, mtu wa Kianyaga, akaomba uhamisho akamfuata. Msichana wao wa kwanza wakampa jina la mama yake Muchangi, kama desturi yetu inavyotaka. Sasa msichana wa pili ni wa mama ya mke, yaani wangu. Huku kwetu hilo halina mjadala. Ukipata mjukuu wa jina lako ni kama umezaliwa tena, na hata mama yake akimbembeleza anamwita mama.

Basi mwaka wa tisini na sita, kahawa ikiwa imeanza kuwa nyekundu, nikapata barua. Murugi amejifungua msichana. Lakini kujifungua kulikuwa na shida. Damu ilitoka nyingi, bahari ilikuwa imechafuka, mashua haikuweza kumpeleka hospitali ya Lamu, na aliyemshikilia mpaka akarudi duniani ni mama mwenye nyumba wanayopanga, Bi Aziza. Chini akaandika: "Muchangi anasema mtoto aitwe Aziza, kwa shukrani. Sijui nimjibu nini. Mama, njoo. Akikuona kwa macho ataona haya kukunyima."

Nililia. Halafu nikaenda kwa Watiri, jirani yangu, kwa sababu yeye aliwahi kwenda Mombasa na kwaya.

"Utaenda," Watiri akasema, "lakini sikiza. Usile kitu cha watu wa huko."

"Kwa nini?"

"Ati kwa nini. Wanatia kitu. Mtu anakula siku moja, ya pili hataki tena kwao. Wewe hujiulizi kwa nini Murugi hajakuja nyumbani tangu aende?"

"Alisema likizo ilikuwa fupi."

"Mm. Likizo."

Neno hilo lilinitosha. Nilichemsha nduma nyingi, yaani magimbi, na viazi vitamu, nikatia kiondoni na unga wa uji wa wimbi na njahi, yale maharagwe meusi ambayo mama aliyezaa hulishwa kwetu ili damu irudi. Njahi na unga vilikuwa vya Murugi. Nduma zilikuwa zangu.

Safari sitaisimulia sana. Kutoka Malindi basi lilikuwa na askari wenye bunduki kwa sababu ya majambazi, na joto lilikuwa la kukaanga mtu. Kwenye mashua ya injini nilifumba macho nikashika kiondo kama mtoto. Nilipoyafumbua niliona kisiwa: nyumba za mawe meupe, minazi, punda wamesimama majini. Palikuwa pazuri. Nikajiambia, hivyo ndivyo wanavyoanza kukuteka.

Murugi alinipokea ufukoni na msichana wake mkubwa. Alikuwa amenenepa, ngozi inang'aa, amejifunga leso kama mtu wa huko. Mama mwingine angefurahi. Mimi nilimwangalia nikasema moyoni, wamekwisha kumlisha.

Bi Aziza alikuwa mwanamke wa umri wangu, mwembamba, mkono wake mmoja umepakwa hina mpaka kwenye vidole. Alinishika mikono yote miwili mlangoni.

"Karibu, mwenzangu. Karibu kwako. Tumekungoja kama mvua."

"Asante sana. Mimi niko salama," nikasema, ingawa hakuwa ameniuliza.

Akanipa mtoto. Nilimfunua uso nikaona paji langu la uso, hili hili, na kidevu cha marehemu mama yangu. Nikamwita kwa jina langu, kwa Kikuyu: karibu nyumbani, Kagure. Muchangi alikuwa amesimama mlangoni akiangalia nje, kama mkwe mwenye adabu.

Halafu chakula kikaja. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, mkate wa mofa, na chai iliyonukia tangawizi. Njaa ilinikata. Lakini sauti ya Watiri ilikuwa sikioni, nikatafuta njia.

"Mtanisamehe," nikasema. "Kwetu mama mkwe hawezi kula chakula mbele ya mkwe wake. Ni aibu kubwa."

Huo haukuwa uongo kamili. Wazee wetu walifanya hivyo. Lakini Murugi alinitupia jicho, maana Muchangi nimekula naye kwenye harusi, na siku ya mahari nilimwongezea nyama mimi mwenyewe.

Bi Aziza hakucheka. Alifurahi. "Adabu nzuri hiyo. Hata sisi wazee wetu walikuwa nayo." Akamgeukia Muchangi. "Mwalimu, nenda ukale kwa jirani. Siku zote mgeni akiwapo, wewe utakula huko."

Muchangi akachukua viatu vyake akaenda. Chakula kikabaki mbele yangu.

Nikasema nina kichefuchefu cha bahari. Siku hiyo ikapita. Nilikula nduma nikiwa peke yangu chumbani kwa Murugi, nilikolazwa.

Asubuhi Bi Aziza akaleta mahamri na mbaazi. Kichefuchefu kilikuwa kimekwisha, kila mtu aliniona nikitembea vizuri. Hapo nikasema neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka nashika uso.

"Leo nimefunga. Ninafunga kwa ajili ya mtoto."

Bi Aziza akaweka sinia chini polepole. "Unafunga? Na safari yote hiyo?"

"Ndiyo. Mpaka jioni. Na kesho pia."

Macho yake yakajaa machozi. "Murugi," akasema, "mama yako ni mtu wa Mungu."

Sikujua neno hilo lina uzito gani kwa watu wale. Kwetu mtu akifunga anafunga na Mungu wake, na wengine wanaendelea na chai. Kule mfungaji ni mgeni wa mtaa wote, na anayemfuturisha anapata thawabu kama yake. Jioni hiyo nilisema tumbo limefunga, nikakubali maji tu. Kufika kesho yake habari ilikuwa imezunguka: bibi kutoka mlimani, Mkristo, anafungia mjukuu aliyenusurika. Tangu adhuhuri wanawake walianza kuingia uani. Mmoja alileta mihogo, mwingine tende, mwingine unga wa kaimati. Walinisalimu kwa sauti ya chini, kama mgonjwa au mtakatifu. Bikizee mmoja aliomba nimwombee mguu.

Murugi alikaa kando akimnyonyesha mtoto. Akaniuliza kwa Kikuyu, bila kuinua kichwa, "Mama, unafunga kweli?"

"Nyamaza, unyonyeshe."

"Kwa sababu chumba changu kinanuka nduma."

Njaa ilikuwa imenizidi. Wanawake walipoanza kuosha mchele, nilichukua kiondo nikaingia kwenye stoo ndogo nyuma ya jiko. Kulikuwa na kigoda kifupi cha mbao chenye ulimi wa chuma mbele. Nilikaa juu yake. Nduma zilikuwa zimeanza kuteleza na kutoa harufu ya uchachu, lakini nilizimenya nikala, moja, ya pili, nikitia mdomoni kama mtu anayefukuzwa.

Kigoda kile kumbe ni mbuzi ya kukunia nazi. Na huwezi kupika mihogo ya nazi bila mbuzi.

Mlango ukafunguliwa. Bi Aziza alikuwa na nazi iliyopasuliwa kila mkono, na nyuma yake wanawake wawili. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya mbuzi yake, mashavu yamejaa, maganda ya nduma kwenye paja.

"Samahani, mwenzangu," akasema. "Nilikuja kuchukua mbuzi."

Nikasimama. Sikuweza kumeza, sikuweza kutema.

Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Kumbe saumu ya bara ina daku alasiri." Mwenzake akaziba mdomo kwa buibui, mabega yakitikisika.

"Nyamaza wewe," Bi Aziza akamwambia. "Msafiri ana ruhusa ya kula. Hata dini yasema." Akainama, akaokota kipande cha nduma kilichoanguka, akakinusa. "Hiki kimeharibika. Kitakuumiza tumbo." Alichukua mbuzi, akatoka, na nikasikia nazi ikikunwa uani, kru, kru, kru, kwa ajili ya futari ya mtu ambaye hakufunga.

Jioni walikula wao. Bi Aziza aliwaambia mgeni amechoka. Nilikuwa chumbani nikisikia vijiko na kucheka kwao, na harufu ya kaimati ikipita chini ya mlango. Saa ile ningekula. Nasema kweli, saa ile ningekula hata makombo. Lakini hakuna aliyenibishia mlango, na mimi ningetokaje?

Murugi aliingia baadaye na mtoto.

"Wanatia nini, mama?" akaniuliza. "Niambie. Walikwambia wanatia nini?"

"Watiri alisema..."

"Watiri." Alikaa kitandani. "Nilipolala hapo damu ikitoka, yule mama alinitilia uji mdomoni kwa kijiko, usiku mzima, akinifuta. Huo ndio uliokuwa na kitu ndani? Nilikuwa nimekwambia uje nikuonyeshe kwa Muchangi. Sasa nimwonyeshe nini?"

Nilimwangalia mtoto mwenye paji la uso langu, nikaona heri asingekuwa nalo.

Asubuhi ya kuondoka Bi Aziza alikuwa akimwogesha mtoto kwenye beseni. Muchangi alisimama mlangoni akiangalia nje. Nikaona afadhali niseme mwenyewe kabla sijaambiwa.

"Muchangi," nikasema, "mtoto mwite Aziza. Mimi sina mdomo wa kukataa."

Muchangi akakohoa. Nafikiri alikuwa tayari kushukuru. Lakini Bi Aziza alitangulia, bila kuacha kumwagia mtoto maji.

"La. Jina ni la bibi yake. Mimi wajukuu wa jina langu wamejaa mtaa huu, nikiita mmoja wanaitika saba. Huyu akikua atauliza kwao ni wapi. Mtamjibu nini, kwao ni kwa mwenye nyumba?" Akamfunga kitambaa, akamwinamia sikioni. "Kagure. Sema labeka. Kagure wa mlimani."

Hivyo ndivyo nilivyopata nilichokifuata. Nilikipokea kutoka kwa mkono ambao sikutaka kula kutoka kwake.

Kisha akaniletea kikapu cha makuti cha chakula cha njiani. Nilitazama ndani. Mayai ya kuchemsha yenye maganda yake. Ndizi mbivu. Machungwa. Karanga ambazo hazijabanguliwa. Na nazi nzima, juu kabisa.

"Vyote vina maganda, mwenzangu," akasema. "Utavifungua mwenyewe."

Nilitafuta usoni mwake kama ananicheka. Hakuwa akinicheka. Alikuwa amefikiria ni kitu gani mtu mwenye hofu anaweza kula, akakitafuta, akakichemsha. Nilitaka kumwambia nipe chai, nipe ya jikoni kwako, nipe hata baridi. Lakini alikuwa ameacha kunikaribisha, na aliacha kwa heshima, ili asinisumbue tena. Mtu akiacha kukukaribisha kwa hasira unaweza kumwomba msamaha. Akiacha kwa kukuhurumia utamwomba nini?

Nilikula yale mayai kwenye basi, nimegeukia dirishani. Yalikuwa yamefungwa pamoja na chumvi kidogo kwenye karatasi. Chumvi ile haikuwa na ganda. Niliila yote.

Nyumbani watu walikuja kuniuliza kama nilijiona, maana ndivyo tunavyouliza. Nikasema nilimwona, ana uso wangu. Wakapiga ngemi, vigelegele vyetu. Watiri alinivuta kando.

"Na chakula?"

"Sikula."

"Mwanamke mwenye akili," akasema, akanipiga begani.

Nazi iko juu ya kabati mpaka leo. Hakuna mtu Wamagana ajuaye kuifungua vizuri, na mimi sitaki ifunguliwe kwa panga.

Singeandika haya, kwa sababu ni ya kufunika. Lakini juzi Watiri alikuja mbio. Binti yake Gladwell amepata kazi ya ualimu kisiwa cha Mfangano, kule ziwani kwa Wajaluo, na Watiri anampeleka yeye mwenyewe. Alitaka kuazima kiondo changu kikubwa. Aliniuliza pia ni nduma ngapi zinatosha, na nilifanyaje zisiharibike njiani.

Ukweli ulinishinda kusema. Nilimwambia atie chumvi kwenye maji ya kuchemshia. Akaenda na kiondo.

Anaondoka Jumatatu baada ya kanisa la kesho. Nimeandika karatasi hizi usiku huu na nitampa mkononi, hata kama atasoma akinicheka, hata kama ataonyesha kwaya nzima. Watiri, kiondo ubaki nacho, ni cha kubeba njahi za Gladwell. Lakini nduma ziache hapa. Ukifika kwa watu, wakiweka samaki mbele yako, nawa mikono ule, mara ya kwanza wanapokukaribisha, kwa sababu kuna watu ambao adabu yao haiwaruhusu kukukaribisha mara ya nne.