Mkia wa Kanda

Verna Kostelnik aliegesha gari nyuma ya kituo cha televisheni, akaona kontena la taka limejaa kanda za video, zimemwagwa kama matofali ya nyumba iliyobomolewa. Akapanda juu ya kreti, akaanza kuchakura.

"Wee mama, utaanguka!" Alikuwa Denholm, meneja aliyeletwa juzi na wenye kituo wapya. "Hizo takataka."

"Takataka wewe na tai yako. Nani kakwambia utupe?"

"Siku hizi tunauza pete hewani, asubuhi mpaka asubuhi. Muziki wa polka wa nini?"

Verna alikuwa akimtafuta mdogo wake. Mwaka 1975 Emil alipiga kodiani kwenye kipindi cha polka cha Jumapili, hapahapa Chaneli 19. Miezi miwili baadaye tanuri la kiwanda cha chuma likamuua. Mama yao sasa alikuwa nyumba ya wazee, na daktari alishasema zimebaki siku za kuhesabika. Kila Verna akienda, mama humshika mkono: "Nionyeshe Emil, mara moja tu." Na Verna huahidi.

Miaka ishirini na miwili amekaa pale mapokezi, akiona kituo kinavuliwa na kuvishwa kama mwanasesere. Kwanza kilikuwa cha mji: polka, mechi za shule, na asubuhi za theluji kutangaza shule zilizofungwa. Mwenye kituo wa pili akaleta muziki wa vijana. Wa tatu akaleta vipindi vya kuuza masufuria. Wa nne, wahubiri. Kila mmoja alikuja akiwaita wafanyakazi "familia yangu", kisha akafukuza nusu ya familia.

Orrin, fundi mitambo, alitoka nje. Alijua Verna anatafuta nini. Alivua koti lake, akamfunika Verna mabegani, akaingia ndani ya kontena na viatu vyake safi. Ndiye aliyeiona: *Polka, Oktoba 1975*.

Wakaikimbiza chumba cha mitambo, Denholm akawafuata hadi mlangoni. Orrin akaiingiza kwenye mashine ya zamani. Kiooni likatokea sufuria. Sufuria jekundu, na mwanamke analisifia mfuniko.

Verna akaichomoa kanda, akaigeuza. Ubavuni palikuwa na karatasi nyingine: *Masufuria, namba 40*. Mwandiko wake mwenyewe. Kanda mpya hazikuwa zikinunuliwa. Kila kituo kilipobadilika, yeye alitoa boksi stoo, akabandika karatasi, wakarekodi juu ya vipindi vya zamani. Boksi zima kwa siku. Nani angesoma karatasi za zamani?

"Kumbe ni wewe mwenyewe!" Denholm akacheka.

"Mimi, ndiyo!" Verna akapiga meza hadi kikombe kikaruka. "Mlinituma, nikafanya, nikasema asante! Cheka tena nikuone."

Denholm akarudi nyuma hatua moja.

"Ngoja, dada," Orrin akasema taratibu. "Masufuria yalikuwa dakika hamsini na tano. Kanda ni ya sitini. Mkia wake haukufutwa."

Akaikimbiza mbele. Masufuria yakaisha, chenga zikajaa kioo, kisha katikati ya wimbo akaibuka Emil, ulimi umechungulia pembeni mwa mdomo kama alivyozoea, vidole vinakimbia.

Verna hakulia. Alikuwa na hasira mno. Alishika simu, akapiga nyumba ya wazee, akapokea muuguzi wa mama. "Pauline mwanangu, msogeze mama mbele ya televisheni. Chaneli 19. Usikate simu."

Orrin akarudisha kanda pale Emil anapoanzia, akanyoosha mkono kwenye kitufe cha kurusha hewani.

"Toa mkono wako," Verna akamwambia. "Umebakiza miaka miwili ustaafu. Kidole kitakuwa changu."

"Ukibonyeza huna kazi!" Denholm akapiga kelele.

"Kazi gani? Ya kufuta watu?"

Akabonyeza. Pete zikatoweka kwenye televisheni za mji mzima, Emil akapiga kodiani. Denholm alipotaka kuingia aizime mashine, Orrin, mtu wa kilo mia na kumi, aliinama mlangoni kufunga kamba za viatu. Alizifunga kwa makini sana.

Emil akainamia watazamaji. Kanda ikaisha.

"Pauline? Amemwona?"

"Amemwona. Amekasirika!" Pauline alikuwa akicheka na kulia. "Anasema kola ya Emil imekaa upande. Anauliza ulikuwa wapi usimrekebishie."

"Mwambie naja kugombezwa."

Akaweka kanda kwapani, akapita mbele ya Denholm bila kumtazama, akarudi kwenye kontena. Zilibaki kanda nyingi, na kila moja ilikuwa na mkia.