Mama wa Kambo Mwenye Tochi

Tangu niolewe hapa Kilolo, Faustina, binti wa mume wangu, hajaniita mama. Ananiita dada. Jana tukipukuchua mahindi akataka hadithi, tena ile ya mama wa kambo. Kila mtu anajua huyo mama humpeleka mtoto msituni, akamwacha gizani.

"Wakafika msituni, giza likaingia," nikasema. "Mama akawasha tochi, wakaokota kuni wote wawili."

"Dada, unakosea. Mama wa kambo hana tochi."

"Huyu wangu anayo."

Nikawa nampiga jicho la pembeni. Kisha akasogeza kigoda chake karibu na changu.

"Haya, endelea. Ila betri zisiishe kabla hawajafika nyumbani."