Barua ya Afisa wa Daraja la Tatu

Mwanasheria wa idara ya mipaka walimwita Bi Nukta, kwa sababu hakuna waraka uliowahi kutoka mezani kwake ukiwa na upungufu wa hata nukta moja. Asubuhi ile alikuwa na kazi ndogo: kutia saini hati inayosema kwamba majalada yanayopelekwa kwenye baraza la usuluhishi yamekamilika, na kwamba hakuna barua iliyofichwa. Alishika kalamu, akaiweka chini. Katika jalada la saba palikuwa na barua moja ambayo ingeweza kuipokonya nchi yake mwamba.

Mwamba wenyewe haukuwa na mti wala kisima, ila mwenye mwamba ndiye mwenye maji yanayouzunguka, na samaki waliomo. Zamani nchi jirani ilijenga taa ya meli juu yake, na kila mwaka iliandika kuarifu kwamba taa itazimwa siku tatu isafishwe. Kila mwaka Bi Nukta alijibu kwa mistari miwili: taarifa imepokelewa, mwamba ni wetu, na taa hiyo haiwapi haki yoyote.

"Mama, hawa hawajachoka kusemwa?" watu wa masijala walimtania.

"Wakichoka wataondoa taa."

Haikuwa ukaidi. Juu ya dola hakuna bunge la kuzitungia sheria wala polisi wa kuzikamata. Kuna mikataba ziliyoitia saini zenyewe, na kuna desturi, yaani yale zinayoyafanya mwaka nenda mwaka rudi zikiamini kuwa ni wajibu. Pakikosekana jibu hapo, mahakimu hutazama kanuni ambazo kila taifa linazijua, kama ile ya kwamba mtu hawezi kusema hili leo na kesho akalikana. Mwamba huu haukutajwa katika mkataba wowote. Kwa hiyo baraza lingepima mwenendo: nani alifanya nini, na nani aliona akanyamaza. Anayepaswa kusema akanyamaza, amekubali.

Majibu kumi na nane yalikuwa ya Bi Nukta. Moja lililosalia liliandikwa zamani, mwaka aliokwenda likizo ya uzazi. Aliyeshika nafasi yake alikuwa afisa wa daraja la tatu mwenye miezi minne kazini, mtu aliyelelewa akaleleka. Aliishukuru nchi jirani kwa taarifa yake, kisha akaomba ruhusa wataalamu wetu wawili wa hali ya hewa wapande mwambani kupima upepo. Ruhusa ikatolewa, na mhuri juu. Wakapanda, wakapima, wakashuka, na afisa akashukuru tena.

Apigaye hodi amekiri kwamba nyumba si yake.

Afisa yule sasa ndiye aliyekuwa Mkurugenzi wa idara, bosi wake Bi Nukta. Alikuwa pia shemeji yake, kaka wa mumewe, jambo ambalo ofisini walilisahau kwa makusudi isipokuwa walipogombana.

Aliisoma barua yake akiwa amesimama. "Itoe. Ni adabu tu hii."

"Asili wanayo wao, Bosi. Tukiitoa wataiweka mezani siku ya kwanza, na zile kumi na nane zitaonekana tumezipika."

"Tukiiacha?"

"Wataisoma kwa sauti. Lakini ina dawa."

Dawa yenyewe ilikuwa hivi. Mkuu wa nchi, mkuu wa serikali na waziri wa mambo ya nje wakisema, dola imesema. Mwingine yeyote huulizwa nani kampa mamlaka. Afisa mdogo aliyeandika kwa akili yake mwenyewe, mara moja, dhidi ya pingamizi kumi na nane, hakuwa ameigawa nchi. Ila lazima aape mwenyewe kwamba ndivyo ilivyokuwa. Bi Nukta alimsogezea hati ya kiapo, tayari imechapwa.

"'Nilikuwa katika kipindi cha majaribio,'" Mkurugenzi alisoma. "'Sikuagizwa na mtu. Sikuwa na mamlaka ya kusema lolote kwa niaba ya nchi.' Shemeji, unanivua nguo."

"Nakuvisha, shemeji. Saizi yako ya wakati ule."

Akaketi. "Wasifu wangu uko mbele ya kamati ya kuteua mabalozi. Umeandikwa kwamba miaka ile nilisimamia masuala ya mpaka wa bahari."

"Niliuona."

"Ukanyamaza! Si umesema kunyamaza ni kukubali?"

"Kwa anayepaswa kusema. Mimi hakuna aliyeniuliza." Akanyoosha karatasi. "Huwezi kuwa simba kwa kamati na paka kwa baraza. Wakili wao ana macho."

"Na mumeo akisikia?"

"Mume wangu miaka yote anasema kazi yako ilikuwa kuleta chai."

Mkurugenzi alicheka kidogo, kicheko kisichofika mbali. Kisha akachukua kalamu ya risasi. "Tuandike 'mamlaka yenye mipaka'."

"Mipaka ipi?"

Alikuwa ameshayaandika maneno hayo pembeni. Akafuta alichoandika. "Hapana. Sikuwa nayo."

Aliapa mchana huohuo mbele ya kamishna wa viapo. Jioni aliiandikia kamati kusahihisha wasifu wake. Hilo Bi Nukta hakumwomba, na alipopata nakala aliiweka jaladani. Ndipo akatia saini hati yake.

Mbele ya baraza, wakili wa nchi jirani alikuwa mpole kupita kiasi. "Mheshimiwa Mkurugenzi, barua zako nani alizisoma kabla hazijatoka?"

"Hakuna."

"Mbona hivyo?"

"Hakuna aliyedhani ningeandika kitu cha maana."

Hata mahakimu walicheka. Bi Nukta hakucheka; aliandika saa ambayo jibu lilitolewa.

Hukumu ilikuja baada ya miezi kumi na mmoja, na mwamba ulibaki mikononi mwa nchi ya Bi Nukta. Ubalozi ulikuwa umeshapewa mtu mwingine. Bi Nukta alimpelekea Mkurugenzi nakala, ameikunjua kwenye aya inayohusu barua. Aliisoma polepole, kidole kikifuata mistari.

"Wameniita 'afisa mdogo asiye na mamlaka' mara mbili."

"Mara tatu, shemeji. Kuna nyingine kwenye tanbihi."

Akageuza ukurasa kuitafuta.